Jani la homa na jani la utulivu: jinsi mimea ya dawa inavyopimwa

Mtoto akishikwa na homa usiku mjini Bujumbura, mambo mawili husubiriwa na kila aliyekaa kando ya kitanda chake: joto lishuke, na mtoto atulie. Kabla ya mapambazuko, mlango wa kituo cha afya ukiwa bado umefungwa, kilicho karibu mara nyingi ni mmea. Huenda ukawa umubirizi, jani chungu linaloota uani na kwenye mipaka ya mashamba. Huenda ukawa mchaichai, nyasi yenye harufu ya limau ambayo wanaotumia Kifaransa huiita citronnelle. Jani huchemshwa, mgonjwa hunywa, jasho hutoka, usingizi huja. Asubuhi husemwa kwamba dawa imefanya kazi.

Je, imefanya kazi kweli? Kuuliza hivyo si kuwadharau wazee waliorithisha ujuzi huo. Wataalamu wa dawa wameuliza swali hilo hilo kwa miongo mingi, kwa utaratibu maalumu, kuhusu mimea hiyo hiyo miwili. Majibu waliyopata yanastahili kujulikana na kila mlezi, kwa sababu homa kushuka na mtoto kutulia ni ishara mbili zinazofariji sana, na ndizo hizo hizo zinazoweza kudanganya.

Homa katika nchi ya malaria

Bujumbura imekaa katika tambarare ya Imbo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali penye joto, mabonde ya mpunga na maji yaliyotuama. Hapo mbu wanaoeneza malaria hupata makazi mwaka mzima. Ugonjwa huo haukuishia bondeni. Mwezi Machi mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria nchini, baada ya kuandikishwa takriban wagonjwa milioni 1.8 na vifo 700 tangu mwezi Januari mwaka huo.

Hali hiyo ndiyo inayofanya homa ya Burundi isiwe jambo dogo. Katika nchi ambazo malaria haipo, homa nyingi za watoto huletwa na virusi, na hupita zenyewe baada ya siku chache. Pale ilipo malaria, homa inaweza kuwa dalili ya vimelea vinavyoongezeka katika damu saa kwa saa. Kinywaji kinachopoza mwili bila kuvigusa vimelea humwondolea mgonjwa dalili na kumwachia ugonjwa.

Joto la mwili hupandaje?

Mwili una kidhibiti joto chake, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Vimelea au bakteria wanapoingia mwilini, chembe za kinga hutoa kemikali zinazosababisha kutengenezwa kwa prostaglandini, nayo huuamuru ubongo kupandisha kiwango cha joto. Ndipo mgonjwa anapotetemeka kwa baridi ilhali ngozi yake inachoma. Dawa kama paracetamol huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini hiyo, na joto hushuka. Paracetamol haiui kimelea chochote wala haidai kufanya hivyo, hupoza tu.

Malaria ina tabia nyingine inayopaswa kukumbukwa. Vimelea hukua ndani ya chembe nyekundu za damu, kisha huzipasua na kumwagika. Kwa aina ya malaria inayoenea zaidi barani Afrika, mzunguko huo huchukua takriban saa 48. Homa huweza kupanda wakati wa kumwagika huko, kisha ikapungua hata bila dawa yoyote. Anayepewa kikombe cha majani joto likiwa kileleni ataonekana amepona baada ya saa chache, ingawa joto lingeshuka hata kama angepewa maji matupu.

Kwa sababu hiyo ushahidi wa mtu mmoja aliyekunywa na kupata nafuu hautoshi. Haina maana kwamba anasema uongo. Ukweli ni kwamba hakuna awezaye kujua lingetokea nini kama asingekunywa. Kazi yote ya kupima dawa imejengwa juu ya swali hilo moja: bila dawa hii, ingekuwaje?

Hatua ya kwanza: jina

Kabla ya kipimo chochote, mtafiti hukusanya mmea, huukausha na kuuhifadhi pamoja na jina lake la kisayansi, ili mwingine aweze kuthibitisha kwamba unaozungumziwa ni mmea huo huo. Hatua hii huonekana ya kiofisi tu, lakini makosa mengi huzaliwa hapo. Neno citronnelle, kwa mfano, hutumika kwa nyasi zaidi ya moja. Mchaichai unaotiwa katika chai ni Cymbopogon citratus. Ndugu yake, Cymbopogon nardus, hukamuliwa mafuta ya kufukuzia mbu. Majani yao yanafanana machoni, na harufu zao zinakaribiana, lakini kemikali zilizomo hazilingani. Umubirizi nao, ambao kisayansi huitwa Vernonia amygdalina, una ndugu kadhaa wenye majani machungu.

Baada ya jina huja maandalizi. Mtafiti makini huandaa dawa kama inavyoandaliwa nyumbani: kama watu huchemsha kwa maji, naye huchemsha kwa maji. Akitumia pombe kali ya maabara, atapata vitu ambavyo havimo kabisa katika kikombe cha mgonjwa.

Panya, hamira na kipimajoto

Ili kujua kama mmea unashusha homa, panya wa maabara hutiwa homa kwa makusudi. Njia moja inayotumika sana ni kuchanganya hamira na maji na kuidunga chini ya ngozi ya panya. Mwili wake huipokea kama adui, na baada ya takriban saa 18 joto huwa limepanda. Panya hugawanywa katika makundi: wengine hupewa maji tu, wengine paracetamol au dawa nyingine inayojulikana, wengine dawa ya mmea kwa vipimo vidogo na vikubwa. Joto lao hupimwa kila baada ya muda maalumu.

Kundi la maji tu ndilo linalojibu lile swali la ingekuwaje. Kundi la paracetamol huonyesha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi. Mmea ukishusha joto kuliko maji, na ukifanya hivyo zaidi kadiri kipimo kinavyoongezwa, kuna sababu ya kuendelea. Usipofanya hivyo, mtafiti hana budi kuandika kwamba haukufanya hivyo.

Utulivu hupimwaje?

Kupima utulivu ni kugumu zaidi, kwa sababu panya hawezi kueleza anavyojisikia. Watafiti hutazama mwenendo wake. Hutiwa katika uwanja mdogo uliochorwa mistari, na huhesabiwa mara ngapi anavuka mistari hiyo. Au huwekwa juu ya njia zilizoinuliwa, mbili zenye kuta na mbili zisizo na kuta. Panya mwenye hofu hujificha penye kuta, aliyetulia huthubutu kutoka. Kipimo kingine ni kumpa panya dawa ya usingizi, kisha kutazama kama mmea unarefusha usingizi huo.

Hapo pia kuna mtego. Panya asiyetembea si lazima awe ametulia. Huenda misuli yake imelegea, huenda amelewa sumu. Kwa hiyo vipimo vya utulivu huambatana na vya uwezo wa kusimama na kutembea juu ya fimbo inayozunguka, na vya sumu. Tofauti kati ya aliyetulia na aliyelegea ni muhimu maabara, na ni muhimu zaidi kitandani kwa mtoto.

Mchaichai ulipowekwa kwenye mizani

Uchunguzi maarufu zaidi wa mchaichai haukufanyika Afrika. Ulifanyika nchini Brazil, ambako nyasi hiyo hunywewa kwa imani ile ile: hutuliza mishipa, huleta usingizi, hushusha homa. Mwaka 1986 kundi la watafiti lililoongozwa na Elisaldo Carlini wa São Paulo lilichapisha matokeo katika jarida la Journal of Ethnopharmacology.

Walitengeneza chai kama inavyotengenezwa na wananchi. Panya wenye homa walinyweshwa vipimo vilivyofika mara 40 ya kiasi anachokunywa binadamu. Joto lao halikushuka. Chai hiyo ikajaribiwa katika vipimo 12 vya utulivu, usingizi, hofu na degedege. Kwa njia ya kinywa haikuonyesha athari. Ilipodungwa moja kwa moja ndani ya tumbo la mnyama, baadhi ya athari zilionekana, lakini hakuna mtu anayejidunga chai.

Kisha wakaja binadamu. Watu 50 waliojitolea walipewa mchaichai na kinywaji bandia kisicho na mchaichai, bila wao wala waliowapima kujua kipi ni kipi. Usingizi wao, wepesi wa kulala na kuamka kwao usiku havikutofautiana. Watu 18 wenye wasiwasi mwingi wa kawaida walitiwa katika jaribio la kuwatia hofu. Walio na mchaichai na walio na kinywaji bandia walikuwa na wasiwasi sawa. Vipimo vya damu, mkojo, moyo na ubongo havikuonyesha madhara ya maana. Hitimisho la watafiti lilikuwa kwamba chai hiyo haina sumu, lakini haileti usingizi wala haiondoi wasiwasi.

Habari haikuishia hapo. Miaka iliyofuata, tafiti nyingine kwa panya zilitumia mafuta yaliyokamuliwa kutoka majani ya mchaichai, na baadhi zilipata dalili za utulivu. Hilo halipingani na matokeo ya mwaka 1986. Mafuta yaliyokolea ni kitu kimoja, na majani machache katika birika ni kitu kingine.

Je, mtu anayesema chai ya mchaichai humtuliza amekosea? Si lazima. Kinywaji cha moto, harufu inayopendeza, mkono wa mama unaoshika kikombe na dakika chache za kukaa kimya vyote hutuliza. Kilichoonyeshwa ni kwamba utulivu huo haukutoka katika jani. Kwa mtu mzima mwenye uchovu wa siku tofauti hiyo haina madhara. Kwa anayetibu homa ina maana kubwa.

Umubirizi na ushahidi wa nusu

Umubirizi una historia ndefu zaidi katika ukanda huu, na sehemu yake moja iliandikwa kando ya ziwa hilo hilo linaloiosha Bujumbura. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale upande wa Tanzania, mtafiti Michael Huffman na mhifadhi Mohamedi Seifu Kalunde walimtazama sokwe jike mgonjwa, aliyepewa jina la Chausiku, akimenya shina la mmea huo na kufyonza maji yake machungu, chakula ambacho sokwe hawakipendi kwa kawaida. Kalunde, aliyekuwa na ujuzi wa dawa za Watongwe, aliutambua mmea huo papo hapo kuwa dawa ya watu wake. Tafiti zilizofuata ziliuhusisha utumiaji huo wa sokwe na minyoo ya tumbo. Ujuzi wa mganga ndio uliofungua mlango. Maabara ilifuata nyuma.

Kwa malaria, majani ya umubirizi yalionyesha uwezo dhidi ya vimelea katika vyombo vya maabara na katika panya. Hatua iliyobaki ilikuwa binadamu. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya Sophie Challand na Merlin Willcox, waliochunguza maji ya majani mabichi kwa wagonjwa wa malaria isiyo kali, wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Kufikia siku ya 14, asilimia 67 walikuwa na nafuu ya kuridhisha, na hakukuonekana madhara makubwa.

Msomaji akiishia hapo atasema dawa imepatikana. Lakini damu ilisema mengine. Miongoni mwa hao waliopata nafuu, ni asilimia 32 tu ambao vimelea vyao vilikwisha kabisa. Na miongoni mwa hao waliosafika, asilimia 71 vimelea vilirudi. Kwa maneno mengine, wengi walijisikia vizuri huku ugonjwa ukiendelea kuishi ndani yao.

Wagonjwa hao walikuwa wakubwa, na miili ya watu wazima wanaoishi penye malaria huwa imejifunza kupambana nayo kwa kiasi fulani. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo. Kuna tahadhari nyingine: tafiti za wanyama zimeonyesha kwamba umubirizi unaweza kushusha sukari ya damu, na malaria kali nayo hushusha sukari ya mtoto. Vitu viwili vinavyovuta upande mmoja huweza kumfikisha mgonjwa pabaya.

Jani lililogeuka kidonge

Wapo watakaouliza kama kupima huku huishia daima kwa kusema hapana. Jibu liko katika kidonge kinachotolewa Burundi kwa malaria. Tangu mwaka 2003 nchi hiyo imetumia matibabu yaliyojengwa juu ya artemisinini, dawa iliyotokana na mmea wa jadi wa China uitwao Artemisia annua. Tu Youyou na wenzake walisoma vitabu vya kale vya tiba, wakakuta katika maandishi ya karne ya 4 maelekezo ya kuloweka mmea na kuukamua, si kuuchemsha. Walipoacha kutumia joto kali, mwaka 1971 walipata dondoo iliyoua vimelea katika wanyama. Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Bila kitabu cha kale, mmea usingetafutwa. Bila kipimo, isingejulikana kwamba moto unaharibu dawa, wala kiasi gani kinatosha. Kwa sababu hiyo hiyo Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ya mmea huo: kiasi cha dawa katika majani hubadilika, mara nyingi hakitoshi, na dozi isiyotosha huwaacha vimelea hai na kuvifundisha kuistahimili dawa.

Burundi yenyewe ina hazina inayongoja kupimwa. Chuo Kikuu cha Burundi kina kituo cha utafiti wa mimea ya dawa na tiba za jadi, kinachojulikana kwa kifupi cha Kifaransa, CRUPHAMET. Mwaka 2015 watafiti wa Burundi na Ubelgiji walichapisha uchunguzi wa mimea ambayo waganga wa jadi wa nchi hiyo huitumia kwa magonjwa ya vijidudu, na waliorodhesha zaidi ya aina 150. Orodha kama hiyo si cheti cha uponyaji. Ni mwanzo wa maswali: mmea upi, sehemu ipi, kwa kiasi gani, kwa nani, na ukilinganishwa na nini.

Ishara zinazodanganya

Turudi kwa mtoto wa usiku ule. Joto limeshuka. Hilo linaweza kuwa kupona, au mapumziko ya vimelea kabla ya kupasuka tena. Mtoto ametulia. Hilo nalo linaweza kuwa usingizi mwema, au mwanzo wa malaria iliyopanda kichwani, ambapo mtoto hulegea, haitiki vizuri, kisha hupoteza fahamu. Mlezi anayeamini kwamba amempa jani la utulivu anaweza kuutazama ulegevu huo na kushukuru.

Wahudumu wa afya hufundishwa ishara nne za hatari kwa mtoto mdogo: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupata degedege, na kulegea au kupoteza fahamu. Moja tu kati ya hizo yatosha kumfikisha hospitalini bila kungoja asubuhi. Hata bila ishara hizo, homa ya mtoto mahali penye malaria huhitaji kipimo cha damu. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu ya kidole na hutoa jibu katika muda usiozidi nusu saa. Tangu mwaka 2006 Burundi imeondoa malipo ya matibabu kwa watoto wenye umri chini ya miaka 5 katika vituo vya umma.

Kikombe cha mchaichai hakikatazwi. Maji ni muhimu kwa mwenye homa, na harufu yake ni faraja. Anayekunywa umubirizi naye hana sababu ya kuficha: mhudumu wa afya akiambiwa mgonjwa amekunywa nini, lini na kiasi gani, humtibu kwa usalama zaidi. Kinachopasa kuepukwa ni kukifanya kikombe kuwa kipimo, na kuihesabu nafuu kuwa jibu. Jani linaweza kumsindikiza mtoto hadi kituo cha afya. Lisiwe sababu ya kutokwenda.